Kamba wangu wa mapambo hufa kila ninapobadilisha maji: tatizo liko wapi?

Msomaji wetu wa Kisauni, Mombasa, ameandika hivi: "Nina tangi la kioo la lita 60. Miezi mitatu iliyopita nilinunua kamba wekundu 20 kutoka kwa mfugaji wa Nairobi, wakaletwa kwa basi la usiku. Wawili walikufa siku ile ile. Tangu hapo wanakufa mmoja mmoja, hasa siku moja au mbili baada ya kubadilisha nusu ya maji, kazi ambayo huifanya kila Ijumaa. Mwezi uliopita nilisafiri wiki tatu, na mdogo wangu akawa anajaza tu maji yaliyopungua. Niliporudi nilibadilisha robo tatu ya maji, na katika siku mbili wakafa saba. Maji yangu ni ya kisima, na kipimo cha TDS, kile cha vitu vilivyoyeyuka majini, kinayasoma 900. Tangi nimelipamba kwa mawe ya matumbawe na makombe ya baharini, na kuna feni ndogo inayopuliza juu yake kwa sababu ya joto. Samaki wanne aina ya gapi walio ndani yake ni wazima kabisa. Je, huu ni ugonjwa gani, na nitie dawa gani?"

Ndugu yangu, jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usitie dawa yoyote. Ulichokieleza hakifanani na ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa haungojei Ijumaa. Vifo vinavyokuja siku moja au mbili baada ya kubadilisha maji, vikawaacha samaki wakiwa wazima na kuwachukua kamba peke yao, vinaelekeza kwenye maji yenyewe, na hasa kwenye kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake, ambacho katika tangi lako kimekuwa kikipanda kidogo kidogo na kisha kushuka kwa kishindo. Kuna pia jambo la pili ambalo hukulitaja, nami nitalieleza mbele kwa sababu katika nyumba za Pwani ni nadra kulikosa.

Ili hoja hii ikae sawa, yatupasa kuanza na mwili wa kamba. Samaki huzaliwa na ngozi na mifupa inayokua pamoja naye, lakini kamba amefungwa ndani ya gamba gumu lisilotanuka, na kila anapotaka kukua hana budi kulivua lote na kujitengenezea jingine. Mkubwa hujivua takriban kila baada ya wiki tatu au nne, na mdogo huweza kujivua kila wiki. Gamba jipya huanza kuumbika chini ya lile la zamani likiwa laini kama utando. Siku ya kujivua, gamba la zamani hupasuka mgongoni, nyuma ya kichwa, naye huchomoka kwa mruko mmoja. Kwa saa kadhaa baada ya hapo huwa laini na dhaifu, amejificha, akifyonza kalsiamu kutoka kwenye maji kupitia matamvua yake ili gamba jipya liwe gumu. Kwa maneno mengine, kila baada ya wiki chache kamba wako anajenga nyumba yake upya, na vifaa vingi vya ujenzi anavichukua kwenye maji uliyomwekea. Maji yakiwa na madini machache mno, gamba halikomai. Yakiwa na madini mengi mno, gamba huwa zito na gumu kupasuka. Na yakibadilika ghafla, mwili hushindwa kuifuata ile ratiba yake.

Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayoua zaidi. Damu ya kamba wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji huingia mwilini mwake muda wote naye hufanya kazi ya kuyatoa. Chumvi ya tangi ikishuka kwa mkupuo, maji huingia kwa kasi kuliko alivyozoea, mwili huvimba, na mara nyingi huanza kujivua kabla gamba la chini halijawa tayari. Hapo utaona mstari mweupe unaouzunguka mwili wote kama pete, pale kifua kinapokutana na mkia. Hiyo ni dalili kwamba gamba limepasuka pande zote badala ya kufunguka mgongoni peke yake, na kamba wa namna hiyo ni nadra kupona. Nakuomba uwatazame wale wanaokufa kabla ya kuwatupa. Nina imani kubwa kwamba utaiona pete hiyo kwa baadhi yao.

Sasa tuyatazame maji ya kisima chako. Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wake imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ni chokaa, na maji ya visima hupita humo yakiyeyusha chokaa hiyo njiani. Karibu na bahari huongezeka pia chumvi ya kawaida inayopenyeza kutoka ufukweni. Ndiyo maana sabuni haitoi povu vizuri kwa maji ya visima vingi vya huko, na birika huota ukoko mweupe ndani. Kipimo chako cha 900, yaani miligramu 900 za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita, kinaingia katika picha hiyo bila shida. Aina ya kamba uliyo nayo, ambayo jina lake la kisayansi ni Neocaridina davidi, hustawi vizuri katika kiasi cha 150 hadi 300, ingawa huweza kuzoea zaidi ya hapo ikiongezwa polepole.

Hata hivyo, 900 haikuwa mwisho wa safari. Maji yanapokauka, kinachoondoka ni maji matupu, na madini yote hubaki nyuma. Feni ile unayoitegemea dhidi ya joto huongeza ukaukaji, na katika tangi la lita 60 si ajabu kupoteza lita kumi kwa wiki wakati wa kiangazi. Ukizijaza lita hizo kumi kwa maji ya kisima, umeongeza gramu tisa za chumvi na madini, ambazo katika lita 60 ni kama miligramu 150 kwa lita, kila wiki. Ukifanya hesabu utaona kwamba, kwa utaratibu wako wa kubadilisha nusu kila Ijumaa, tangi lilikuwa likifika karibu 1,200 kila Alhamisi na kurudi karibu 1,050 baada ya kazi ya Ijumaa. Kamba waliokuwa tayari wamekaribia kujivua hawakuuhimili mtikisiko huo, na ndio waliokuwa wakifa mmoja mmoja. Kisha ukasafiri. Wiki tatu za kujaza tu ziliyapandisha maji hadi kama 1,500, na uliporudi na kubadilisha robo tatu, yakashuka kwa 450 katika muda wa saa moja. Vile vifo saba havina haja ya maelezo mengine, wala mdogo wako hana kosa, kwa kuwa alifanya kile ambacho kila mtu angemwelekeza afanye.

Gapi walinusurika kwa sababu jamii yao huvumilia maji magumu na hata yenye chumvi kidogo, na kwa sababu hawana gamba la kuvua. Samaki mzima ndani ya tangi si ushahidi kwamba maji yanamfaa kamba.

Mawe ya matumbawe na makombe yaondoe leo. Nayo ni chokaa, na huendelea kuyeyuka taratibu, yakiyafanya magumu zaidi maji ambayo tayari yamezidi. Mtu wa Nairobi mwenye maji laini huenda akahitaji kipande cha tumbawe ndani ya chujio lake, lakini wewe huhitaji hata punje. Ukitaka mapambo, tumia mawe ya mto yasiyotoa mapovu ukiyadondoshea siki, au gogo lililokaa majini hadi likazama.

Kuhusu maji ya kutumia, unazo njia tatu, na ninayoipendelea ni ya kwanza. Maduka ya kujaza maji ya kunywa yaliyotapakaa mjini huchuja maji kwa mashine inayoondoa karibu madini yote; chukua kipimo chako uende nacho, na ukikuta maji yao yanasoma chini ya 50, umepata ulichokuwa ukikitafuta. Usiyatumie peke yake, kwa kuwa hayana vifaa vya ujenzi wa gamba. Changanya sehemu mbili za maji hayo na sehemu moja ya maji ya kisima chako, nawe utapata mchanganyiko wa kama 310 hadi 330. Kisima hapa kinageuka kutoka adui kuwa mtungi wa madini, na hutahitaji kununua unga wa madini unaouzwa kwa bei ya juu. Lakini kipimo cha TDS hakikuambii ni madini gani yaliyomo, kwa maana humo kunaweza kuwa na kalsiamu kama vile kunavyoweza kuwa na chumvi ya mezani tu. Kwa hiyo tafuta pia kipimo cha matone cha ugumu wa maji, kile cha GH, uupime mchanganyiko wako. Kamba hawa huhitaji GH ya 6 hadi 10 hivi. Ikiwa mchanganyiko unasoma TDS nzuri lakini GH ni 2 au 3, basi kisima chako kina chumvi zaidi kuliko chokaa, na ni afadhali kukiacha kabisa.

Njia ya pili ni maji ya mvua, ambayo msimu wa masika hayana gharama. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa kwa dakika kadhaa ndipo ukinge, usikinge kutoka kwenye paa lililopakwa rangi karibuni wala bati jipya linalong'aa, na uyachanganye na ya kisima kwa kipimo kile kile. Ya tatu ni maji ya bomba, yawe yametoka chemchemi za Mzima au visima vya Baricho, siku yanapokuja. Hayo hutiwa klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo pana kwa siku nzima ukiyapulizia hewa kwa pampu, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki, kisha uyapime kabla ya kuyatumia.

Sasa naja kwenye kosa ambalo wengi hulifanya baada ya kusoma ushauri kama huu: hukimbia kubadilisha maji yote jioni ile ile. Kamba waliobaki kwako sasa wamezoea zaidi ya 1,000, na ukiwatia katika 320 kwa ghafla utawamaliza. Kuanzia leo, maji yanayokauka yajaze kwa maji yaliyochujwa matupu, kidogo kidogo kila siku, usingoje yapungue sana. Kisha mara mbili kwa wiki ondoa lita sita, yaani sehemu moja ya kumi, na uzirudishe kwa ule mchanganyiko kupitia mrija mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa fundo ili utiririshe kidogo kidogo kwa saa moja au mbili. Kwa mwendo huo utakuwa karibu na 450 baada ya miezi miwili. Najua ni muda mrefu kwa mtu anayeona kamba wake wanapungua, lakini sijapata kuona haraka ikimnufaisha kamba. Ukishafika, lita sita mara moja kwa wiki zinatosha, na ile desturi ya kubadilisha nusu uiache moja kwa moja.

Lile jambo la pili nililoahidi ni dawa ya mbu. Kamba ana nasaba na wadudu kuliko na samaki, na dawa zinazopulizwa kwenye vyumba vyetu jioni, pamoja na zile za kuchoma zinazozungushwa kama konokono, kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo huua kamba kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa hufanya hali kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa huivuta hewa ya chumba pamoja na dawa iliyomo na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Nilipoteza tangi zima la kamba wa miaka miwili kwa usiku mmoja kwa njia hii, wakati chumba cha jirani kilipopulizwa dawa na mimi nikiwa nimeacha dirisha wazi. Kulipokucha walikuwa wamelala kwa ubavu, wengine wakitetemeka miguu na kuzunguka bila mwelekeo. Kutetemeka huko, kuogelea ovyo na kulala chali ndizo dalili zinazotofautisha sumu na tatizo la madini, maana kamba mwenye shida ya gamba hufa akiwa ametulia.

Sikuambii uache kujikinga na mbu, kwani malaria ni jambo zito kuliko kamba wote wa dunia. Ninachokushauri ni kulihamishia tangi katika chumba kisichopulizwa dawa, au kulifunika kwa shuka nzito na kuzima pampu ya hewa kwa muda mfupi kila dawa inapopulizwa, kisha kufungua madirisha mpaka harufu iishe. Kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaujui: chandarua chenye dawa. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa pairethroidi ndani ya nyuzi zake, na nimekutana na wafugaji waliokata kipande cha chandarua cha zamani kufunika tangi au kuziba mdomo wa chujio, kisha wakashangaa kamba wakifa kwa siku tatu mfululizo. Tumia soksi nyembamba ya nailoni au sponji badala yake. Na ukishika chandarua, ukijipaka mafuta ya kufukuza mbu, au ukimtia paka dawa ya viroboto, nawa mikono hadi kwenye kiwiko kabla ya kuitia ndani ya maji.

Katika kundi hilo hilo la sumu iko shaba. Damu ya kamba yenyewe hubeba oksijeni kwa shaba, kama damu yetu inavyotumia chuma, lakini shaba iliyoyeyuka majini humuua kwa kiasi kidogo sana, na dawa nyingi za madoadoa meupe ya samaki zimetengenezwa kwa shaba. Ndiyo sababu nimeanza kwa kukukataza dawa. Gapi wako akiugua, mhamishie kwenye ndoo na umtibu huko.

Joto la Mombasa lina uzito wake pia. Neocaridina hupenda nyuzi 20 hadi 26, na ingawa huvumilia 28 na hata zaidi kwa muda, Februari na Machi tangi la Pwani hufika 30 bila shida. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba karibu 7.5 tu, na papo hapo mwili wa kamba hutaka oksijeni zaidi kwa sababu unafanya kazi kwa kasi. Joto na maji yenye pH ya juu, yaani yaliyo mbali na asidi, huzidisha pia ukali wa amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki: sehemu yake iliyo sumu katika pH 8 na nyuzi 30 ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7 na nyuzi 25. Feni yako iendelee kufanya kazi, kwa kuwa sasa unajua cha kujazia. Punguza saa za taa, ondoa kifuniko cha kioo ikiwa kipo ukiweka wavu usio na dawa, lisogeze tangi mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi, na uweke chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Chujio la aina hiyo ni rahisi, haliwafyonzi watoto wa kamba, na sponji yake hugeuka kuwa malisho. Ikijaa uchafu ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha kwa maji ya bomba utawaua bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitrati, na tangi litarudi kuwa kama jipya, ambalo huchukua wiki nne hadi sita kukomaa.

Kuhusu chakula, karibu kila anayeanza hulisha kupita kiasi. Kamba hushinda akichota utando laini wa vijidudu na mwani unaoota juu ya kila kitu, na katika tangi lililokomaa chakula cha kutiwa mara mbili au tatu kwa wiki kinatosha, kwa kiasi kinachokwisha ndani ya saa mbili tatu. Mchicha uliochovywa kwenye maji yanayochemka, kipande cha malenge au tango, vyote huvipenda, mradi una uhakika kwamba shamba halikupulizwa dawa ya wadudu. Gamba lililovuliwa usilitoe, kwa kuwa hulila wenyewe na kuirudisha kalsiamu yake mwilini.

Lakini chakula ninachokipenda kuliko vyote kimejaa barabarani kwenu. Jani kavu la mkungu, lile jekundu linalodondoka chini ya mti uliopandwa kwa ajili ya kivuli kila mtaa wa Pwani, husafirishwa na kuuzwa moja moja kwa wafugaji wa Ulaya na Asia, nao hulinunua kwa furaha. Okota lililodondoka lenyewe likiwa kavu kabisa, mbali na barabara kuu na mbali na mahali panapopulizwa dawa, ulisuuze na ulitie tangini. Maji yatageuka rangi ya chai hafifu, jambo lisilo na madhara, na baada ya wiki moja au mbili utawakuta kamba wamelizunguka wakilila hadi kubaki mishipa mitupu kama lesi. Jani moja linatosha lita 30 hivi.

Huenda ungependa kujua pia kwa nini hujapata kuona watoto, ingawa hukuuliza. Aina hii huzaa kwa urahisi ikitulia. Jike mpevu huonyesha alama ya manjano mgongoni, nyuma ya kichwa, iliyokaa kama tandiko juu ya punda: hayo ni mayai yanayokomaa. Akishajivua, harufu yake huenea majini na madume huanza kuogelea kwa kasi huku na huko wakimtafuta. Siku ukiona hivyo usishtuke, mradi hawatetemeki. Mayai 20 hadi 30, mara nyingine zaidi, hushuka chini ya mkia na kupepewa huko kwa wiki tatu hadi nne, kisha hutoka kamba wadogo wa milimita mbili waliokamilika kila kiungo. Hawana hatua ya kuelea kama mabuu, tofauti na kamba wa Amano wa kutoka Japani, Caridina multidentata, ambaye mabuu yake hayakui bila maji ya chumvi. Gapi huwala watoto hao bila huruma. Ama uwatenge gapi, ama ujaze tangi mimea minene kama mosi ya Java, ili angalau baadhi wanusurike.

Usichanganye rangi. Kamba wekundu, wa buluu na wa manjano wanaouzwa chini ya majina mengi ni aina hiyo hiyo moja, ambayo porini katika Asia ya Mashariki ina rangi ya kahawia inayopenyeza mwanga; rangi hizi zimepatikana kwa wafugaji, wale wa Taiwan wakitangulia kwa nyekundu, kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Ukiwachanganya, vizazi vichache vitakurudisha kwenye kahawia. Na ukizidiwa na idadi, wagawie wafugaji wengine, usiwamwage mtoni wala kwenye mtaro. Huko Ujerumani, Neocaridina wamekutwa wakiishi na kuzaana katika kijito cha Gillbach, ambacho hupata joto la maji ya mtambo wa umeme. Ikiwa walifaulu katika nchi yenye baridi kali, mito yetu haitawashinda, na Afrika Mashariki ina kamba wake wa asili wa kulindwa, Caridina nilotica wa Ziwa Victoria wakiwamo, pamoja na jamii kadhaa za Ziwa Tanganyika zisizopatikana mahali pengine popote duniani.

Wale wawili waliokufa siku ya kwanza hawakufa kwa uchovu wa basi peke yake. Maji ya Nairobi yanayotoka mabwawa ya nyanda za juu kama Ndakaini ni laini na yana madini machache, na yumkini mfugaji wako aliwalea katika maji ya chini ya 250 yenye nyuzi 21 au 22. Wewe ukawapokea katika 900 na nyuzi 29. Usinunue wengine mpaka tangi lifike 450 na likae hapo kwa wiki tatu bila kifo. Siku ukinunua, muulize kwanza mfugaji TDS, GH na joto la maji yake, na uchague wadogo wa sentimita moja, kwa kuwa kamba hawa huishi mwaka mmoja hadi miwili, na yule mkubwa anayevutia kwa wekundu huenda amekwisha kula nusu ya umri wake. Wakifika, wamimine pamoja na maji yao kwenye ndoo safi mahali penye kivuli, weka ule mrija wenye fundo, na uache maji ya tangi yadondoke tone moja au mawili kwa sekunde mpaka maji ya ndoo yaongezeke mara nne, kazi itakayokuchukua saa mbili hadi tatu. Kisha wahamishe kwa wavu laini bila kumimina maji ya safari tangini, uzime taa, na usiwape chakula mpaka kesho yake.